Nguruwe wa Kwanza wa Sheria

Jumatatu, 6 Mei

Kapteni kaingia tena shambani! Kapteni ni dume la nguruwe la shemeji yangu Asolelei: jeusi, refu kama mtumbwi, na lina pua ya kijeuri. Kala magimbi yangu mstari mzima, kisha akavuka kwa jirani yetu Faatupu, mjane. Yangu aliyala. Ya Faatupu aliyafukua tu, akayatupa huku na huku. Mharibifu wa kukusudia.

Nimemkuta Faatupu amekaa juu ya jiwe, fimbo mkononi, anatazama mashimo. Hakulia. Alisema tu kwamba tangu mumewe afariki hajalala usingizi wa maana, maana sikio moja liko shambani. Na huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya wanawake, mtu ambaye machifu wazima humkwepa njiani! Hasira zikanipanda. Kidogo kwa ajili yake, nyingi kwa ajili yangu.

Nikaenda kwa Asolelei kudai haki. Alikuwa kajilaza kwenye mkeka, anajipepea. Nikamwambia nguruwe wake ni mwizi. Akajibu kwamba nguruwe hajui mpaka, na tena Kapteni hakujua kama pale ni shamba. Eti alidhani ni kichaka! Kuniambia hivyo mimi, chifu! Ni kweli jina la uchifu la Seumalo nimevishwa mwaka jana tu, lakini chifu ni chifu.

Jioni simu kutoka Auckland. Mama mkwe, Mama Tepora, anakuja Jumamosi, ili Siku ya Akina Mama imkute na wanawe wawili: mke wangu Sieni, na huyo Asolelei. Sieni akamwambia asiwe na wasiwasi, Lusi amenona. Lusi ni nguruwe wetu jike. Mama mkwe akauliza kama "yule" bado yupo. Yule ni mimi.

Haidhuru. Kesho baraza la kijiji linakaa, na kichwani nina jambo. Hapa Fagaloto kila mtu ana zizi la nguruwe isipokuwa Asolelei. Na sisi, lakini Lusi si wa kuhesabiwa, ni kama mtu wa familia. Nitapendekeza sheria. Kapteni, siku zako zimekwisha!

Jumanne, 7 Mei

Siku kuu katika maisha yangu! Karibu siku nzima.

Nyumba ya baraza haina kuta, na kila chifu ana nguzo yake ya kuegemea. Yangu iko nyuma, upande ambao mvua huingilia. Vilevile mdogo husema mwisho. Nikangoja. Walijadili bomba la maji. Walijadili waliovuka barabara wakati wa sala ya jioni, jambo la mwiko kwetu. Walijadili nani alimkatia nani mnazi. Hatimaye mkuu wetu, Mzee Fatuolo, akauliza kama nyuma huko kuna neno.

Nikasimama. Usinga nikaurusha begani kwa kishindo, kama wafanyavyo wasemaji wakubwa. Ukamchapa jichoni Mzee Penitala aliyekuwa anasinzia jirani yangu. Akazinduka akapaza sauti: "Naunga mkono!" Sikuwa nimesema kitu bado. Dalili njema!

Nikasema. Nilimtaja mjane. Niliyataja magimbi. Nikasema kijiji kisichoweza kumfunga nguruwe hakiwezi kujifunga chenyewe kwa sheria yoyote. Sijui hilo nililitoa wapi, lakini lilitoka. Wazee wakaguna kwa kuridhika.

Nilitarajia Asolelei, ambaye naye ni chifu, aruke kupinga, nami nina majibu yangu tayari. Akasimama pole pole. Akaniunga mkono! Tena kwa maneno matamu kuliko yangu. Akaongeza kwamba sheria isicheleweshwe, ianze keshokutwa, na nguruwe yeyote atakayeonekana akizurura aokwe aliwe na baraza, pasipo kuomba radhi wala rufaa, awe wa mkubwa, awe wa mdogo. Mzee Fatuolo akapitisha. Mikono ikapigwa.

Nilikwenda nyumbani naelea. Nikapita kwa Asolelei ili nimwonee huruma kidogo. Nyuma ya jiko lake nikakuta ukuta wa mawe, umefika kifuani, umekamilika kila upande, na Kapteni yumo ndani anakoroma. Lile rundo la mawe ambalo amekuwa akilileta tangu Pasaka! Mimi nilidhani anajenga kaburi la baba yake.

Sieni aliniuliza maneno mawili tu. "Na sisi?"

Jumatano, 8 Mei

Nimejenga zizi. Vifaa: mabati ya jiko la zamani, kitanda kimoja cha chuma, wavu uliochanika, na mlango wa choo. Sieni ameutaka mlango urudi. Nimemwambia mambo ya kijiji yanadai kujitoa. Amesema anajitoa vya kutosha.

Asolelei akapita, akasimama, akatazama kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "hilo ni zizi au ni mnada?"

Nikaendelea kugongelea. Mtu mwenye sheria yake hajibizani na wapita njia.

Lusi aliingia bila ubishi, akageuka, akaegemea kitanda, akatoka na kitanda. Nikamrudisha. Akatokea upande wa mabati. Nikamrudisha tena. Safari hii alipita kwenye wavu, akauvaa shingoni, akaja kusimama nyuma yangu kama bibi harusi, akanikwaruza mguu kwa pua. Hufanya hivyo akitaka kukunwa mgongo. Nikamkuna. Kosa si lake.

Mwishowe nimemfunga kamba kwenye mshelisheli ulio nyuma ya nyumba. Fundo langu mwenyewe. Halifunguki hata kwa shoka.

Na sasa sikiliza, ewe shajara, maana hili siwezi kumwambia Sieni. Ukuta wa Asolelei ni wa mawe, lakini lango lake ni la mbao. Na lango lile limefungwa kwa kitanzi cha waya tu!

Alhamisi, 9 Mei

Yamenikuta makubwa. Nianze mwanzo.

Leo sheria imeanza. Machifu wote waliitwa asubuhi kunywa ava, kile kinywaji chetu cha mizizi, ili kuibariki. Yaani Asolelei hayupo kwake! Nilijaza mapapai yaliyoiva kwenye kapu. Nikafungua kitanzi cha waya. Kapteni alikuwa amelala. Nikamwekea papai moja puani, nikaanza kupanga mengine njiani: moja hapa, moja pale, nyuma ya nyumba yetu ili watu wasinione, mpaka kwenye majani mbele ya nyumba ya baraza. Atafuata harufu. Atatokea mbele ya macho ya wazee wote, siku ya kwanza ya sheria ambayo mwenyewe Asolelei aliitaka isiwe na huruma. Nilicheka peke yangu nikipanga.

Nikaingia barazani nimechelewa, jasho linanitiririka, nikaketi kwenye nguzo yangu. Bakuli kubwa la mbao lilikuwa katikati, ava imechanganywa. Kimya cha heshima. Nikasubiri.

Nikasikia wanawake wakipiga kelele barabarani. Amekuja! Nikainua kidevu. Nikajiandaa kuonekana nimeshangaa.

Akapanda ngazi Lusi.

Kwa nini niliipitisha njia ya mapapai nyuma ya nyumba yetu? Fundo lilikuwa zima, halijafunguka. Alikuwa ameitafuna kamba. Kipande kilining'inia shingoni mwake na juisi ya papai ilimtoka mdomoni. Alitazama nguzo moja baada ya nyingine, akaniona, akafurahi. Kisha akaliona bakuli. Akatia pua. Akanywa kabla ya Mzee Fatuolo!

 Mzee Penitala mwenyewe aliamka. Asolelei ndiye aliyesema wa kwanza, kwa sauti ya upole sana:

"Waheshimiwa wazee, kuna anayemfahamu mgeni wetu?"

Nikasimama.  Nilikusudia kuomba msamaha, kisha nipige magoti, kisha pengine nihamie kisiwa kingine. Nikafungua kinywa, nikasema: "Nimemleta mimi."

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Ikabidi niendelee. Nikasema sheria ni kama kisu kipya, na mwenye kukileta sharti akijaribu kwenye kidole chake kwanza. Nikasema sikutaka mtu yeyote wa Fagaloto aseme kwamba Seumalo alitunga sheria kwa nguruwe wa wenzake. Nikasema huyu hapa, ni wangu, ni mmoja tu, sina mwingine. Hapo sauti ilikatika. Hiyo haikuwa hila.

Mzee Fatuolo akajifuta macho kwa pindo la kikoi. Akasema ameketi katika baraza hili tangu ujana wake, ameona watu wengi wakileta sheria, na kila mmoja aliileta kwa ajili ya jirani. Hajaona aliyeanza nyumbani kwake. Faatupu na wanawake wake, waliokuwa wanasuka mikeka nyumba ya pili, wakapiga makofi mpaka nikaona haya. Ava ikamwagwa, ikachanganywa upya. Na mimi nikaambiwa nihame ile nguzo ya mvua, niketi karibu na katikati!

Karibu na Asolelei, kumbe. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Akanyoosha mkono, akatoa kipande cha papai kilichokuwa kimenigandia kwenye pindo la kikoi. Akakiangalia. Akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. 

Na Kapteni? Nilipopita baadaye alikuwa bado amelala, lango wazi, papai puani. Anashiba mno mnyama yule.

Lusi ataokwa Jumamosi. Sieni kapokea habari akiwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki cheupe. Kisha akauliza mama yake anakuja kula nini, hotuba?

Ijumaa, 10 Mei

Kijijini kila mtu ananiamkia. Nyumbani hakuna anayenisemesha.

Asubuhi nilimwendea Asolelei, kiume, nikamwomba anisaidie nguruwe mdogo kwa ajili ya mama yake mzazi. Alisema ni afadhali aniazime jino. Kisha akaniuliza mapapai mwaka huu yamezaaje. Nikasema vizuri. Akasema ameona.

Mchana nikaenda kumtazama Lusi. Vijana wa kijiji wamemweka kivulini nyuma ya nyumba ya baraza, wakaniruhusu kuingia. Akaja mbio. Nikamkuna mgongo muda mrefu. Nilimlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kapu, akinifuata shambani kila asubuhi kama mkaguzi. Nilijua siku zote ni wa kuliwa, lakini kujua ni kitu kimoja, na macho yake ni kitu kingine. Nilimwambia pole. Nikampa papai, lile ambalo Kapteni hakulitaka. Sikuwa na raha hata kidogo.

Ndipo nikiwa namkuna, wazo likaja lenyewe! Mama Tepora si mgeni wangu tu. Ni binti wa kijiji hiki, aliyeondoka na kukaa ng'ambo miaka mingi, akituma mabati ya shule na viti vya kanisa. Baraza halipaswi kumpokea?

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Fatuolo. Nilikuwa hata sijamaliza kuketi mkekani, akakubali. Akasema hata ningenyamaza angelifanya, ni wajibu, na nguruwe wa sheria hana mlaji bora kuliko mtoto wa nyumbani aliyerudi.

Yaani mama mkwe atakula Lusi yule yule, siku ile ile, ila sasa kijiji kizima kitasimama kumpa! Nimemweleza Sieni. Alinitazama sana. "Wewe bwana," akasema, "ungetumbukia chooni ungetoka na samaki." Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nimeruhusiwa kulala kwenye mkeka wangu.

Jumamosi, 11 Mei

USHINDI. Naandika kwa herufi kubwa, na bado ni ndogo.

Nilimpokea mama mkwe alipoteremka kwenye basi litokalo bandarini. Masanduku yake yote nilibeba mimi. Njiani nikamsimulia habari za kijiji, hili na lile. Huenda nilimtaja Kapteni. Huenda zaidi ya mara moja. Unene wake, manyoya yake yanavyong'aa.

Barazani machifu wote walikuwa wamevaa rasmi. Mzee Fatuolo alitoa hotuba iliyomtaja bibi wa bibi yake Mama Tepora. Vijana wakamleta Lusi kutoka kwenye tanuri la mawe, juu ya majani ya mnazi, mwekundu, ngozi inapasuka. Nilitazama pembeni wakati wa kumkata. Fungu la heshima lilikwenda kwa mgeni. Akauliza nguruwe mzuri namna hii ni wa nani.

Faatupu ndiye aliyejibu, tena aliinuka. Alisema ni wa mkweo, mama, mwanamume aliyeona magimbi ya mjane yanaharibika akatunga sheria, kisha akatoa nguruwe wake wa pekee awe wa kwanza, ili mwingine asipate la kusema. Nikakiangalia chakula changu. Mtu mwingine angesahihisha sehemu fulani.

Mama Tepora akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalia. "Mwanangu," akasema. Mwanangu! Tangu nioe nimekuwa "yule". Sieni alilazimika kujifanya moshi umemwingia machoni.

Kisha mama mkwe akajigeuza taratibu kumwelekea Asolelei, ambaye alikuwa ameshika paja la Lusi na anafaidi.

"Na wewe? Wa tumbo langu?"

"Mama?"

"Mkwe katoa wake kwa kijiji kizima. Kesho ni siku yangu. Wewe mama yako umemchinjia nini?"

Asolelei akameza. Akasema ana samaki wa kopo, wale wakubwa, wa nyanya.

"Samaki wa kopo," alisema Mama Tepora. Alilisema pole pole, na baraza zima likasikia. "Nimetoka Auckland, nimepanda ndege, nimepanda meli, nimepanda basi, ili nile samaki wa kopo ninayeuziwa dukani mtaani kwangu. Nasikia una dume linaitwa Kapteni."

Asolelei akanitazama. Nilikuwa nachunguza paa. Ni paa zuri, limefumwa kwa ustadi.

Jumapili, 12 Mei

Kapteni aliokwa alfajiri. Tukaenda kanisani na nguo zetu nyeupe, akina mama mbele na maua vichwani, tukarudi kwa Asolelei, tukamla.

Mgumu kama tairi! Nilitafuna kipande kimoja tangu sala mpaka matunda. Sijawahi kula nyama tamu kuliko ile. Mama mkwe alisema ameona magumu zaidi maishani, akaomba cha pili.

Asolelei hakula. Alikaa ukingoni mwa sakafu, miguu nje, anatazama ukuta wake wa mawe, mzuri, mtupu. Nikaenda kuketi naye. Nilikwenda kwa nia ya kufurahi, lakini nilipofika niliona macho yake mekundu, nikakumbuka Ijumaa yangu. Nikampigapiga mgongo.

"Alikuwa anakuja nikimwita kwa jina," akasema.

"Hata Lusi."

Tukautazama ukuta wote wawili.

"Shemeji," akasema baadaye, "ukitaka kumtoa nguruwe aliyeshiba, usimpe papai. Mpe nazi iliyochachuka."

Nikamshukuru. Akasema angeliweza kusimama Alhamisi akawaeleza wazee lile papai limetoka wapi. Nikamuuliza kwa nini hakusimama. Akasema kwanza mimi ni mume wa dada yake, na aibu yangu ingehamia kwake. Pili, hotuba ilikuwa nzuri. Tatu, alitaka kuona nitatokaje. Tukacheka mpaka mama mkwe akatuuliza kuna nini.

Jioni Faatupu alileta kapu la majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Amepanda upya mistari yote. Alisema jana alilala mpaka kuku wakateremka mtini, na fimbo yake ameipa kazi ya kuanikia nguo. Nilitaka kusema jambo la kishujaa, nikajikuta sina. Nikasema karibu.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya kumbukumbu! Mzee Fatuolo amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kuketi katika nyumba yangu. Amesema baraza linanitaka niwe mkaguzi wa mazizi yote ya Fagaloto. Zizi letu ameliona alipokuwa anaondoka. Akauliza kama ni la maonyesho. Nikasema ndiyo, ni la kuwaonyesha watu lisivyopaswa kuwa. Akasema ni busara ya hali ya juu.

Na si hilo tu. Ameniomba nifikirie sheria nyingine! Anasema nina jicho. Sikuhitaji kufikiri sana. Asubuhi hii hii kuku walikuwa wanachakura miche mipya ya Faatupu, na mmoja nilimtambua kwa kilemba chake: ni wa Asolelei. Jumanne ijayo nitasimama kwenye nguzo yangu mpya, usinga begani, nami nitasema: kuku yeyote atakayekutwa nje ya ua ni mboga ya baraza. Ianze siku hiyo hiyo. Hakuna radhi, hakuna rufaa. Safari hii hakuna pa kukosea!

Nimemsomea Sieni hotuba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini mkeka anaosuka, akaniuliza katika kijiji hiki nani ana kuku wengi kuliko wote.

Swali la ajabu. Sisi, nikamwambia. Lakini kuku wetu wanajiheshimu.